Mikono Sita wa Karakana

Tulieni, watu wa Karakana, na nyinyi mlioko nyuma acheni kunong'ona, maana kunong'ona ndiko kulikotuponza. Zama zile baba zetu wakifua vyuma vya reli, kabla mtaa huu haujaonja maji ya bomba, alishuka kwenye gari moshi Dilawar bin Mehrban bin Karamdad, mwana wa wachonga magongo ya kupigia mpira wa Sialkot kule Pakistani, simba wa kriketi, mrefu wa mkono, mfupi wa maneno.

Alipopiga, mpira ulivuka paa la karakana. Aliporusha kwa kasi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji viling'oka. Aliporusha taratibu, mpira ulipinda ukampita mpigaji akiwa bado anautafuta. Alidaka, alilinda, na kwa miaka ishirini na minane hakukosa mechi, awe na homa asiwe nayo. Tukamwita Mikono Sita. Msidhani lilikuwa jina la sifa! Mtu mmoja afanye kazi ya watu sita? Tulitazamana tukasema hapa kuna namna.

Bi Zuhra muuza chai aliapa kwamba bendeji ya kiwikoni mwake inaficha hirizi. Tukaupekua mfuko wake akiwa anaswali, tukakuta iliki na uzi wa kufungia mpini wa gongo. Tuliridhika? Wapi! Tulisema ameihamisha. Asiyekupenda, hata ukiogelea atasema unamtimulia vumbi.

Ikaja mechi na watu wa Bomani, tuliogombea nao uwanja wa nyasi ulio kati yetu, na wazee wa pande zote wakakubaliana kwamba mshindi ndiye atakayebaki nao. Tulihitaji mikimbio mitatu tu tushinde. Dilawar, mvi zimemjaa, alikuwa mbele ya vijiti. Mimi, mpigaji wa mwisho, nilisimama upande wa pili kama mwenzake. Akitoka yeye, tumekwisha. Mpira ukampita ukadakwa nyuma yake. Bomani wakapiga kelele kwamba gongo limeugusa, na mpira ukiguswa ukadakwa mpigaji ametoka, lakini mwamuzi akatikisa kichwa, akatamka, "Abaki!"

Tukashangilia, lo! Ila Dilawar alilitia gongo kwapani akaanza kutoka.

"Mzee wangu, mwamuzi amesema ubaki!" nilimlilia.

"Mwamuzi hakusikia," alisema. "Mimi nimesikia."

Hivyo ndivyo uwanja ulivyotutoka. "Ametuuza!" watu walipaza sauti, na Bi Zuhra akamwaga birika zima la chai mbele ya miguu yake. Kisha wakanigeukia mimi. "Gulbaz, wewe ulikuwa karibu. Mpira uligusa gongo?" Dilawar alisimama akanitazama, akingoja. Nikajibu kwamba sikusikia kitu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwitikia salamu. Akaenda kwenye jaa la mawe nyuma ya karakana, mahali hapa hapa, akawa anaokota mawe kwa mikono, asubuhi hadi adhuhuri, miaka minne, na sisi tukipita tukiambiana kwamba anafukua hirizi yake. Mawe hayo ndiyo ukuta huu mnaoukalia. Ijumaa moja nikamkuta amelala kando ya rola la chuma la kusawazishia ardhi, roho imemtoka. Jaa lilikuwa limegeuka uwanja wa kriketi, na njia ya katikati ilikuwa imelainika, hatua ishirini na mbili. Vijiti vitatu alikuwa amevichomeka upande wake, na vitatu upande wa pili, pale anaposimama mwenzake.

Basi katika uwanja wa Dilawar, mpigaji akiugusa mpira ukadakwa, huondoka mwenyewe, hata mwamuzi akikataa. Miji mingine hutucheka kwa hilo. Waacheni wacheke.

Nimewasimulia habari hizi miaka arobaini, na kila nilipofika kwenye lile swali nimesema vilevile kwamba sikusikia. Nyinyi mkaniamini, nyinyi msioamini mtu! Nilisikia, jamani. Uligusa gongo, tak, kama punje ya iliki ikivunjwa kwa jino. Mtafuteni mwingine wa kuwasimulia. Hakuna aliyenitoa, naondoka mwenyewe.