Siku Mama Mkwe Alipofumua Bitana

Ukitaka kumjua mdarizi, geuza kitambaa. Ndilo neno mlilolisikia mchana, jirani alipokuwa akimtania yule fundi aliyepaka nyumba rangi mbele na kuacha ukuta wa nyuma una nyufa. Mkacheka, mkaja kuniuliza limetoka wapi. Wengine watawaambia ni la wahenga. Mimi siwezi kusema hivyo, maana lilipozaliwa nilikuwepo, na aliyeaibika siku hiyo ni mimi, bibi yenu. Sogeeni basi. Na wewe Eliapenda, acha kuuchokonoa huo mkeka.

Kilikuwa kiangazi. Huku kwetu Upare kiangazi hakikupi nafasi ya kukaa. Kahawa inaiva kwa mpigo mmoja, na maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, yanagawanywa kwa zamu. Ukichelewa zamu yako, maharage yako utayaaga. Juu ya yote hayo tukaletewa habari kwamba Mwenge wa Uhuru utapita kijijini kwetu.

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alikuwa mama mkwe wangu, Mama Mbonea. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yake yalikuwa ya kukosoa. Miaka miwili nimeolewa kwake sikuwahi kumsikia akinisifu, hata kwa chumvi ya mboga. Alituita, akasema tutashona blanketi kubwa la viraka, kijani, nyeusi na bluu, na mistari ya njano, rangi za bendera. Litatundikwa nyuma ya jukwaa, kisha liende zahanati kuwafunika wazazi waliojifungua na watoto wao wachanga. Katikati yake kitakaa kitambaa cheupe kilichodariziwa Mwenge juu ya kilele cha mlima, kwa ule mshono wa kukatiza, nyuzi mbili zinapishana kama alama ya kosa kwenye daftari.

Kitambaa hicho tulikabidhiwa wawili, kila mmoja adarizi chake: mimi na Nakijwa. Kitakachopendeza zaidi kiwekwe katikati, cha pili pembeni chini. Tena Bibi Maendeleo, afisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya, alikuwa ameahidi nafasi moja ya mafunzo ya ushonaji mjini, miezi sita. Jina angelichukua siku hiyohiyo ya Mwenge, na lingekuwa jina la aliyedarizi kitambaa cha katikati.

Watu walikwishaamua kabla sindano haijaingia. Mimi, Namcheja, nilikuwa nimefundishwa kushona na wamisionari kabla ya kuolewa. Nakijwa alikuwa mama wa mtoto mmoja mchanga, na kusoma kwenyewe alikuwa akijifunza jioni kwenye darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Mchoro wetu ulikuwa kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba, mraba mmoja mshono mmoja. Wanawake walisema, "Huyo ataihesabu lini hiyo miraba, na juzi tu ndiyo kamaliza kuhesabu vidole vyake?" Nakijwa alisikia. Alikunja karatasi yake vizuri, akaiweka kwenye kanga, akaenda.

Mimi nilidharau kazi. Nikachuma kahawa, nikangoja maji, nikajiambia mkono wangu unajua. Nilipokuja kushika sindano zilikuwa zimebaki siku tano. Nikakimbiza. Nikaruka mraba mmoja chini ya moto wa Mwenge, na kwa mshono ule ukikosea mraba mmoja, kila mstari unaofuata unakosea pamoja nawe. Moto wangu ukalala upande kama umepulizwa. Kufumua sikuwa na muda.

Siku ya kukusanya, Nakijwa akanijia mlangoni macho mekundu. "Dada, mtoto ana homa kali. Siwezi kutoka. Nisaidie, nipelekee kitambaa changu kwa mama."

Nilikipokea. Njiani nikakikunjua. Watoto wangu, nilisimama. Moto ulikuwa umesimama wima, unawaka, na mlima chini yake umetulia.

Nilifika kwa mama mkwe na vitambaa vyote viwili mkononi. Hakuniuliza kipi cha nani. Alikinyanyua kile kizuri dirishani, akakitazama mpaka nikaanza kuhisi joto shingoni, kisha akaniambia mbele ya wanawake sita, "Mkwe wangu, leo umenifurahisha. Mkono uliosomeshwa haujifichi."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilitabasamu.

Hivyo tu. Uongo mwingine hauhitaji hata neno. Jioni hiyo kitambaa cha Nakijwa kilishonewa katikati ya blanketi, changu kikabandikwa chini pembeni kwa jina lake, na nyuma yote wakafunika kwa bitana ya marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, wakaipiga mishono ya karibukaribu ili ihimili upepo wa mlimani.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikifika, mama mkwe ananiwekea kipande cha nyama kwenye sahani yangu kwanza, nami nameza maneno pamoja na nyama.

Asubuhi ya Mwenge tulikuwa uwanjani kabla umande haujakauka. Wageni walitarajiwa saa sita. Blanketi lilikuwa limetandazwa juu ya meza mbili tukikata nyuzi za mwisho, ndipo Nakijwa akatokea, mtoto mgongoni amepona lakini amekonda. Akakiona kitambaa chake katikati, uso ukamng'aa. Akakigusa kwa kidole kimoja.

"Kumbe mmekipenda," akasema.

"Kukipenda nini?" akadakia Mama Kiondo, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika. "Chako si kile kule chini, kilichopigwa na kimbunga? Hiki ni cha Namcheja."

Wanawake wakaangua kicheko. Nakijwa hakucheka. Alinitazama mimi. Nami nikainama nikatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwangu.

"Hiki ni changu," akasema Nakijwa.

"Ee! Darasa la jioni limekufundisha na hilo?"

"Mama Kiondo, nyamaza," akasema mama mkwe. Akamgeukia Nakijwa. "Mwanangu, unajua unasema nini? Unamwita mkwe wangu mwizi. Uwanjani. Siku ya wageni."

"Sijamwita mtu jina, mama. Nasema kitambaa ni changu. Kigeuzeni mtaona."

"Kishashonewa bitana."

"Basi ifumueni. Nisiposema kweli nifuteni kwenye kikundi, nisikanyage tena."

Kelele zikapanda. Bitana ifumuliwe wakati jua linapanda? Wageni wakute blanketi limechanika tumbo? Mmoja akasema huyo ana wivu wa kwenda mjini, mwingine akasema mtoto amemlegeza akili. Mama mkwe aliinua mkono, pakawa kimya, nikasikia hata mtoto wa Nakijwa akinyonya kidole.

"Kabla sijagusa mkasi," akasema, "kila mmoja aniambie alivyofunga uzi wake huko nyuma. Nakijwa."

"Hakuna fundo, mama. Hata moja. Kila uzi nimeupitisha chini ya mishono minne ndipo nikaukata. Mlisema blanketi linaenda kwa watoto wachanga, na fundo linamchoma mtoto mgongoni. Na uzi mweusi haukuvuka popote nyuma ya sehemu nyeupe. Nilianza upya kila mahali."

"Ndiyo maana alikuwa akikesha," mtu akanong'ona.

"Namcheja."

Watoto wangu, hapo ningeweza kusema kama alivyosema yeye. Nilikuwa nimesikia jibu. Lakini hofu ni kitu cha ajabu, huwa inakimbilia kwenye mazoea. Mdomo ukajibu wenyewe, "Kwa fundo, mama. Kama kila mtu."

Mama mkwe akanitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Naamini alijua wakati huohuo. Angeweza kuacha. Mimi ni mke wa mwanawe wa kwanza, jua lilikuwa linapanda, na Nakijwa hakuwa na mtu wa kumsemea. Angesema tu, "Tutalitazama wageni wakishaondoka," na nani angempinga?

Akanyoosha mkono kwangu. "Nipe huo mkasi."

"Mama, usikate," nikasema nikimpa.

"Kwa nini nisikate?"

Wote wakanitazama. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Ni chake. Changu ni kile cha chini."

Nilidhani ataweka mkasi. Hakuuweka. Alisema, "Wewe umesema, nimesikia. Lakini hawa wamemcheka mchana kweupe. Na waone mchana kweupe."

Akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono wa juu, akakata. Kra. Kra. Kila uzi uliokatika niliusikia mgongoni kwangu. Akaikunja bitana, akalipindua blanketi zima kwa mikono yote miwili.

Hapakuwa na fundo. Moto wa Mwenge ulisimama hata upande wa nyuma, safi, mtu angeweza kulitundika kinyume na mgeni asijue. Wanawake walisogea mmoja mmoja wakapitisha viganja juu yake. Mama Kiondo akapitisha chake mara mbili. Kisha mama mkwe akafumua na pembeni chini, akageuza kitambaa changu. Nyuma yake palikuwa kama kichaka: mafundo, nyuzi ndefu zimeruka huku na huko. Alikiacha wazi, kila mtu akakiona.

Ndipo alipomgeukia Nakijwa. "Mimi ndiye niliyekosa kwanza," akasema. "Sikuuliza. Nilitazama uso wa kitambaa, nikatazama na uso wa mtu, nikaridhika. Kumbe ukitaka kumjua mdarizi, geuza kitambaa."

Tulishona bitana upya mikono kumi na minne ikigombea blanketi moja. Mimi nilipewa katikati ya ukingo wa juu, na hakuna aliyenisemesha. Ngoma zilipoanza kusikika barabarani bado shubiri mbili zilikuwa wazi. Likatundikwa hivyohivyo. Bibi Maendeleo alipouliza jina la kuandika, mama mkwe akalitaja lile la Nakijwa, akalirudia mara mbili ili asikosee herufi, na Nakijwa akasema, "Naweza kuliandika mwenyewe."

Usiku ule, nikiosha vyombo, mama mkwe akaja akasimama nyuma yangu. "Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. "Ulinisifu, mama. Ilikuwa mara ya kwanza."

Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa sahani nilizoosha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipoingia nyumba ile.

Nakijwa alikwenda, akarudi fundi, na wengi wa mama zenu walijifunza kwake kushika sindano. Mimi nilikuwa wa kwanza kuketi mbele yake. Aliniambia tu, "Anza na mraba wa kwanza, dada." Kiangazi kilichofuata nilidarizi kitambaa cha meza, maua ya kahawa meupe juu ya kijani, nikampelekea mama mkwe. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Alipangusa mikono, akakipokea. Maua hakuyatazama. Akakigeuza kwanza, akapitisha kiganja nyuma taratibu toka pembe hii hadi ile, huku mimi nimesimama sipumui. Halafu akaingia ndani, akakitandika mezani.

Ndiyo maana mkilisikia neno hilo, wanangu, msilicheke tu. Ukitaka kumjua mdarizi, geuza kitambaa.