Kimya cha Mtaroni

"Kimya huombwa, hakifokewi." Ukimsikia kibarua wa barabara anasema hivyo, usiwasingizie wahenga. Methali hii ilitoka mtaroni, na ilianza hivi.

Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Vijana wa kambi ya barabara wakiwa wanalaza mabomba ya kalavati, ya kupitisha maji chini ya barabara, ukuta wa mtaro ukaporomoka, ukamfunika Kapufi. Mdogo wake, Sikazwe, alikuwa juu na sepetu mkononi. Alimwona kaka yake, mara hamwoni.

Watu wakaruka ndani, kila mmoja na kelele zake. Katapila linanguruma. Na Morita, bosi Mjapani, anazunguka ukingoni anafoka: "Damare! Damare!" Neno hilo kambi nzima walilijua: funga domo. Hata mbuzi wakiingia jikoni walifukuzwa nalo. Kadiri bosi alivyofoka, ndivyo kila mtu alivyopaza sauti ili asikike.

"Tunachimba wapi sasa?" Sikazwe akapiga kelele. "Tukinyamaza labda tutamsikia!"

"Kamwambie bosi wako huyo!" mchimbaji mmoja akamjibu.

Sikazwe akamfuata Morita, damu inamchemka. "Damare!" akamrudishia neno lake usoni. Morita akawa mwekundu, akafoka maradufu. Sikazwe akajaribu neno jingine la kunyamazisha, lile la kuambiana watu wa rika moja: "Shizuka ni shite!" Wapi!

Likabaki moja. Wema, mkalimani wa kambi, alimfundisha siku moja wakila ugali: la kumwambia mkubwa wako, refu kama treni. Sikazwe hakuwa mtu wa kumwinamia mtu. Siku hiyo aliinama mpaka mgongo ukalia.

"Shizuka ni shite itadakemasen ka." Halafu kwa Kiswahili, polepole: "Mzee wangu, nakuomba. Kaka yangu yuko humu."

Morita akafunga mdomo. Akainama naye. Kisha akamnyooshea dereva wa katapila kiganja, injini ikazimwa. Mmoja mmoja, watu wakanyamaza.

Ngo. Ngo. Mtu anagonga bomba, hatua mbili tu kutoka walipokuwa wanachimba.

Wakafukua kwa mikono, Morita mbele. Walipomtoa Kapufi, bosi alivua shati lake akamfuta tope usoni, taratibu, kama anamwosha mtoto. Kapufi akafumbua macho, akaona watu wote wamemzunguka, hakuna anayesema.

"Mbona kimya hivyo? Mmeshanizika?"

Sikazwe akamkumbatia.

Ndiyo maana vibarua wa barabara wanasema: kimya huombwa, hakifokewi.