Mwiba wa Nungu katika Ukwato wa Pundamilia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona watu wazima siwasikii? Kwani wanaougua ni watoto peke yao? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kwenye bwawa la wanyama, Pundamilia alimkanyaga Nungu kwa bahati mbaya. Mwiba ukamwingia ukwatoni, chwi! Akaenda kwa Mganga Hondohondo, ndege mwenye mdomo mrefu na sifa ndefu kuliko mdomo.

Siku hiyo Hondohondo alikuwa na haraka. Alikuwa amealikwa harusini kwa Kwale. Akaingiza mdomo, akavuta. Kwacha! Mwiba ukakatika. Nusu ukatoka, nusu ukabaki ndani. Hondohondo aliona. Nawaambia aliona. Akaitupa ile nusu majini, chubwi, akafunga jeraha kwa jani.

"Tayari, mama. Nenda."

"Nionyeshe mwiba," Pundamilia akasema. Maana sheria ya bwawa ilikuwa hiyo: mganga akitoa kitu mwilini, humwonyesha mwenye mwili.

"Mimi nilianza kutibu miguu mama yako hajazaliwa. Huniamini?"

Pundamilia akaona haya, akaenda zake. Ko, ko, ko, shwaa. Miguu mitatu inatembea, wa nne unaburutwa.

Siku ya tatu mguu ukavimba. Siku ya tano ukanuka, na kitu kikawa kinamchoma chini ya jani kila ukigusa ardhi. Na bwawa linakauka. Kundi lilikwisha kusema: maji yakiisha tunahama, safari ya siku nne, na njiani kuna fisi. Anayechechemea ndiye huliwa kwanza. Na Pundamilia alikuwa na mtoto anayenyonya.

Akarudi kwa mganga. "Njoo kesho." Kesho yake akarudi. "Njoo kesho kutwa." Akarudi tena. "Hayo ni mapenzi ya Mungu, mama. Mwili wako ndio mbaya." Na bwawa linakauka.

Jirani yake alikuwa Kanga, mwenye mdomo usiotulia. Kanga akamwambia, "Shoga, unazungushwa. Shauri la aliyeumizwa na mganga husikilizwa maji yangalipo. Yakiisha, baraza linavunjwa. Hondohondo anangoja tope likauke, nawe ukose pa kusemea."

"Nitamshtakije aliyenitibu? Watasema sina shukrani."

"Shukrani ni ya kutibiwa. Wewe umeumizwa."

Ko, ko, ko, shwaa, wakaenda barazani. Hakimu alikuwa Faru. Macho yake hayaoni mbali, na hasira zake ziko karibu. Maji yaliyobaki yalitosha kulowesha kwato tu.

Hondohondo akaja amejipamba. Akasema mguu umeoza kwa uchafu wa mgonjwa mwenyewe. Kisha akalainisha sauti. "Mheshimiwa, mimi sitaki ugomvi. Nitampa mama huyu kikapu kizima cha majani mabichi. Yeye akanyage tope hapa mbele yako, iwe alama kwamba ameridhika. Yaishe."

Pale bwawani aliyekanyaga tope mbele ya hakimu amekubali, wala harudi tena kulalamika.

Pundamilia akamtazama mtoto wake. Mbavu zinahesabika. Nyasi zimekwisha, na kikapu kile kimejaa. Aliogopa sana. Akainua mguu. Mguu ukaning'inia juu ya tope. Hata Kanga alifunika macho kwa bawa.

"Akanyage kwa mguu upi?" Faru akauliza.

"Wowote," akajibu Hondohondo.

"Basi nitakanyaga kwa ule ulioutibu," Pundamilia akasema.

Pwaa! Maumivu yakampanda mpaka kichwani. Akauinua mguu, machozi yanamtiririka. "Mheshimiwa, njoo usome alama yangu. Mimi sijaridhika."

Faru akainama mpaka pua ikagusa tope. Akaona alama ya ukwato. Katikati yake pana tundu jembamba, refu, lenye usaha. Akanusa.

"Mganga, ukwato hauna jino. Kilichotoboa tope hili ni nini?"

Hondohondo akajifuta mdomo kwa bawa.

"Mwiba ulioutoa, ulimwonyesha?"

"Nilikuwa na haraka," Hondohondo akasema mwishowe. "Ulikatika."

"Haraka yako imeuozesha mguu wa mwenzio, nawe ukamficha. Mama, chagua mganga mwingine."

Akamchagua Korongo. Korongo akavuta taratibu, taratibu, akautoa mwiba, akamwonyesha. Lakini mguu haukurudi kuwa kama zamani. Hilo nasema wazi, maana kuna yasiyorudi.

Faru akahukumu: "Huyu hawezi tena kuwakimbia fisi. Hondohondo, wewe uliyemwondolea mbio utakuwa macho yake. Utaruka juu yake safari nzima, umwonye. Mwaka huu, na kila mwaka, maadamu anachechemea."

Asubuhi bwawa lilikuwa kavu. Kundi likahama. Chini, ko, ko, ko, shwaa. Juu, Hondohondo analia, ndo, ndo, ndo. Fisi wakasogea, ndo, ndo, ndo, wakakuta kundi limeshawazunguka mama na mwana. Pundamilia alifika wa mwisho, lakini alifika, na mtoto wake ubavuni.

Wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Mganga akikuumiza kwa uzembe, una haki ya kuambiwa ukweli na kufidiwa, na kuidai si utovu wa shukrani. Idai maji yangalipo. Wala usikubali kwa sababu ya njaa kile ambacho mguu wako unakikataa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mwiba aje mbele, nimtolee, na nusu zote mbili nitamwonyesha.