Waya na Nailoni

Bwana Faki, tajiri wa mashua asiyewahi kuvua, alimwambia mvuvi Kidawa, "Tushindane. Atakayerudi bila nguru asivue tena kwenye mwamba huu."

Kidawa akamletea waya na nailoni za kufungia ndoana. "Chagua wewe kwanza, bwana."

Faki akashika waya. Kidawa akashusha pumzi. "Alhamdulillahi! Maji ya leo ni maangavu, nguru atauona waya kutoka mbali."

Faki akautupa waya, akanyakua nailoni. Kidawa akanuna, akauokota waya.

Kufika adhuhuri, kila nguru aliyeuma kwa Faki alikuwa ameondoka na ndoana. Kidawa alipakua nguru watatu.

"Mwongo wewe! Ulisema nguru huuona waya!"

"Huuona, bwana," akajibu Kidawa. "Sikusema anaweza kuukata."