Bi Pimbi na Kwikwi ya Vilima Sita

Paukwa!
Pakawa!
Aa, nyie wa nyuma mmejaza mihogo mdomoni. Paukwa tena!
Pakawaaa!
Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya vilima sita, wanyama walishikwa na kwikwi. Si kwikwi ya kunywa maji ikaisha, la! Kwikwi ya kutwa kucha. Kobe akipiga kwikwi, kichwa ndani, kichwa nje, ndani, nje. Ya Twiga ilianza tumboni asubuhi, ikafika mdomoni adhuhuri. Ndovu naye, kwik! Matunda ya mti mzima chini, pu pu pu! Msicheke. Haya, chekeni kidogo.

Fisi hakucheka. Fisi alitega masikio. Aliyejificha majanini akipiga kwikwi tu, Fisi anaitika, "Naam, nakuja!"

Sasa Bi Pimbi alikuwa na kitinda mimba wake, Kijino, na Kijino kwa kwikwi hakuwa na mwenzake. Nyasi bado zilikuwa ndefu, zikamficha. Zikikauka je? Bi Pimbi aliogopa, jamani!

Desturi ya nchi ile, ugonjwa ukizuka, Korongo hupeleka habari kwa mabingwa wa ng'ambo ya ziwa. Jibu huja baada ya masika mawili.

"Masika mawili!" Bi Pimbi akaruka katika baraza la wanyama. "Fisi atakuwa keshamla mwanangu na keshamsahau! Mwambani kwetu kuna jani chungu. Nikilitafuna, kwikwi hutulia. Labda ni dawa, labda ni bahati. Nipeni ruhusa nilijaribu nijue."

Ndovu, mwenyekiti wao, akacheka hadi akapaliwa. "Wewe? Hata mkia huna!"

"Mzee wangu, mkia nilikosa kwa nini? Siku ya kugawiwa mikia kulinyesha, nikawaagiza wenzangu waniletee. Wakarudi na yao tu! Hili siagizi mtu."

Ndovu akakubali. "Haya, jaribu. Ukishindwa, tunamngoja Korongo."

Bi Pimbi akaanza kazi. Nusu ya wanyama akawapa jani chungu, nusu jani la kawaida. Lakini nani atahesabu kwikwi? Tumbili akifika tatu, anasahau. Bi Pimbi akamfundisha: kwikwi moja, kokoto moja kibuyuni, tok! Tumbili akamfundisha Ngiri, Ngiri akamfundisha Digidigi. Nchi nzima tok, tok, tok!

Siku saba zikaisha. Wakamwaga vibuyu. Lo! Kokoto za huku na za huku sawasawa.

"Si nilisema?" Ndovu akanguruma.

Bi Pimbi akaona giza. Akamwendea Digidigi. "Mwenzangu, jani langu ulilila?"

"Nilikula nusu. Nusu nikampa jirani Ngiri, aliyepewa la kawaida. Ningekulaje peke yangu, naye ananitazama? Mimi mchoyo?"

Akamwuliza Twiga, kamgawia Kobe. Akamwuliza Kobe, kamgawia konokono! Bi Pimbi akakaa chini, akacheka mpaka machozi. "Kosa ni langu! Nimepima mmoja mmoja, na hapa hakuna anayekula peke yake!"

Akarudi kwa Ndovu. "Mzee, mara moja tu. Safari hii kila kilima kitapata jani la namna moja. Waonjeshane watakavyo!"

Ndovu akaridhia, wakapiga kura. Vilima vitatu jani chungu, vitatu la kawaida. Na kilima cha Bi Pimbi? La kawaida! Tumbili akamnong'oneza, "Mpe Kijino kisirisiri, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na sitajua tena kama ni dawa."

Nyasi zikaanza kukauka. Siku ya tano, ya sita. Fisi akaonekana bondeni. Bi Pimbi akamkumbatia Kijino, akahesabu huku analia. Tok. Tok.

Siku ya saba, vibuyu vikamwagwa barazani. Vilima vya jani chungu, kokoto kumi na mbili. Vilima vya kawaida, lundo la kumfikia Ndovu magotini!

Bi Pimbi hakungoja vigelegele. Mbio, jani mdomoni, tifu tifu tifu! Fisi keshafika mwambani. Bi Pimbi akamsukumia Kijino jani, wakajibana kwenye ufa wa mwamba. Kijino akatafuna. Akakunja uso. Koo likapanda... likashuka. Kimya.

Fisi akanusa. Akasikiliza. Kimya. Akasogea hatua moja, na mara, "KWIK!"

Nani? Fisi mwenyewe! Vilima vyote sita vikamsikia, na Ndovu akaja kumsindikiza kwa mkonga. Fisi akakimbia, kwik, kwik, kwik, mpaka leo swala humsikia akiwa mbali.

Basi jamani, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ugonjwa uliopo kwenu, jifunzeni kuupima wenyewe, na mfundishane. Ukikosea, uliza watu wako wanaishije, ujaribu tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, na nyie wa nyuma, sasa nipeni mihogo.