Fundo la Uji wa Mzazi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walipika uji na kufagia nyua zao kama sisi, kulikuwa na kikundi cha kuwatunza wazazi. Mama akijifungua tu, mmoja wa wanakikundi alimpikia uji wa pilipili manga, akaufunika kwa kawa, kisha akaifunga kawa kwa fundo la ukindu lililochovywa katika rangi nyekundu ya kikundi. Akauweka mlangoni. "Hodi!" Huyo, ametoweka.

Mzazi akiliona fundo jekundu alijua: huu umetoka kwa wenzangu, ni salama. Nani kapika? Hakuambiwa. Walitaka anywe kwa raha, asijione ana fadhila ya kumlipa mtu.

Bwana Fisi alikuwa mmoja wao, na uji wake ulikuwa mtamu kweli. Lakini siku aliyompikia Mama Swala, alijibanza nyuma ya nyumba asikie atakavyosifiwa.

Mama Swala alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Akanywa, fyuu, fyuu. "Aah! Mungu akibariki kikundi hiki!"

"Kikundi?" Fisi akanguruma. "Nimekoroga mimi, moshi umeingia macho yangu mimi, kinaombewa kikundi? Natoka!"

Akatoka kweli. Nafasi yake akapewa Sange, yule mnyama mdogo, mwepesi, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Sange alikuwa akimaliza kupika, anawabebea wenzake kuni. Wakampenda. Fisi alipowaona wakicheka naye kisimani, kifua kikamwaka moto.

"Tazama pua ile! Naye ni mpishi? Yaani mimi nimesahaulika upesi hivi?"

Sasa sikilizeni. Desturi ilikuwa kwamba mtu akitoka kikundini, rangi inamwagwa na kupikwa nyingine. Lakini Bi Kanga, mwenyekiti, alimwonea Fisi huruma.

"Tukiibadilisha leo atadhani tunamwita mwizi," alisema. "Ngojeni kwanza hasira zimshuke."

Rangi nyekundu ikabaki. Na Fisi alijua kuipika.

Basi akapika uji, akatia shubiri, ile dawa chungu. Akafunga kawa kwa fundo jekundu safi. "Hodi!" Akakimbia.

Mama Swala aliliona fundo, akanywa bila wasiwasi. Lo! Tumbo likamkata, prrr! prrr! Maziwa yakakauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikakauka. Uji mwingine ulipoletwa, mama wa watu aliutazama tu, machozi yakimlengalenga.

"Simlaumu mtu," alisema, "ila siwezi tena. Nitajuaje upi wa kunilisha na upi wa kuniua?"

Kikundi kikakutana uani kwa Bi Kanga. Fisi naye akaja, akaegemea ua.

"Mimi simo, napita tu. Lakini nauliza, nilipokuwepo mimi, nani aliumwa tumbo? Si tangu aingie huyu Bi Pua?"

"Kweli!" Nyati akapiga kwato, puu! "Mgeni ni yeye. Atoke!"

Pua ya Sange ikatulia. "Kaka Nyati, na mimi nanyonyesha. Nimtilie mama mwenzangu shubiri? Nipeni mpaka kesho. Nisipomleta aliyefanya hivi, nitaondoka mwenyewe."

Fisi akaenda zake akichekelea. Sange akaingia nyumba baada ya nyumba, akinong'ona, psst, psst, akamalizia kwa Mama Swala. Halafu akawachukua watoto wake, akapita nao chini ya dirisha la Fisi, akawaambia kwa sauti ya kuita kuku:

"Wanangu, msimwambie mtu! Rangi mpya ya kikundi ni hina! Lakini isipokandwa kwa mikono haikolei!"

Masikio ya Fisi yakasimama, tii!

"Hina? Ha! Kesho namfukuzisha huyu kidudu."

Akachuma majani ya hina, akatwanga, tu! tu! tu! Akakanda kwa mikono miwili mpaka fundo likawaka kama kaa la moto.

Asubuhi chungu cha uji chenye fundo hilo kilikuwa mlangoni kwa Mama Swala. Akakitazama, akapiga yowe. Wote wakaja mbio, Fisi akiwa mbele kabisa, mikono ameificha nyuma.

"Jamani, tena? Mnamuua mama wa watu! Na fundo ni lenu hilo hilo!"

"Letu, Kaka Fisi?" Sange akauliza kwa upole.

"La nani tena? Si ndiyo rangi yenu mpya, hina!"



"Sisi tangu jana tunachovya kwenye tope jeusi la mtoni," Sange akasema. "Mama Swala anajua, ndiyo maana hajagusa chungu. Habari ya hina niliisema mahali pamoja tu, chini ya dirisha lako. Hebu tuone mikono."

Nyati akamvuta. Mikono myekundu mpaka viwikoni!

"Hii... hii ni ya harusi!" Fisi akababaika.

"Harusi ya nani?" akadakia mkewe Fisi kutoka nyuma ya watu. "Au unaniolea mke mwenza?"

Walicheka mpaka Ngiri akaanguka chini. Fisi alitimua mbio, vumbi tifu!

Nyati akainama mbele ya Sange. "Nisamehe, dada. Nilipiga kwato kabla ya kufikiri." Bi Kanga akabeba mtungi wa rangi nyekundu, akaumwaga wote. "Kosa ni langu. Kuanzia sasa mtu akitoka, rangi inabadilishwa siku hiyo hiyo, awe mbaya au mwema. Hiyo si chuki, ni kumlinda mzazi."

Kisha ukaletwa uji wenye kawa ya fundo jeusi. Mama Swala akaligusa, akalifungua, akanywa mpaka chini ya bakuli. Kufika mchana, mtoto alikuwa ananyonya, nyu, nyu, nyu, kidevu kimemtapakaa maziwa.

Na ninyi wanangu, shikeni hili: anayewaonea wenzake wivu wa sifa, huishia kujulikana kwa ubaya wake.