Mtoto wa Pili wa Minza

Mtu mmoja alikuwa na chombo cha kusomea madai ya matibabu. Hakikuwa chombo cha kushika mkononi; kilikuwa programu ya kompyuta. Hospitali huandika ugonjwa na dawa kwa namna yake, mfuko wa bima nao una namna yake ya kuelewa, na chombo hicho kilikaa katikati yao, kikisoma huku na kuandika kule. Mwenye chombo aliitwa Lugembe. Aliziazimisha hospitali zote za mkoa chombo hicho, wala hakuna mgonjwa wa bima aliyetibiwa bila habari zake kupita humo. Wagonjwa wenyewe hawakujua hata kama kipo.

Lugembe alimwajiri fundi, Maduhu, akitunze na kukiboresha. Wakati ule lawama ilikuwa moja. Mtandao ukikatika, nesi hakujua kama dai limefika, basi alibonyeza tena, na dai moja likafika mara mbili. Mfuko wa bima ukapiga kelele kwamba hospitali zimejaa wezi. Maduhu akafikiri, kisha akakifundisha chombo hivi: wakija wagonjwa wawili wenye kadi moja, tarehe moja ya kuzaliwa na ugonjwa mmoja, siku hiyohiyo, yule wa pili ni marudio, mtupe. Angeweza kukifundisha kisimame na kuuliza, lakini kutupa kimya kimya kulihitaji kazi ndogo zaidi. Alilijua hilo, akachagua lililo rahisi. Kelele zikaisha. Lugembe akapikisha pilau, wakubwa wa mfuko wakaja wakala, Maduhu akapigiwa makofi. Akafurahi, na kwa nini asifurahi?

Sasa, katika nchi ile mtoto mchanga hapewi jina wodini. Huandikwa kwa jina la mama na kwa kadi ya mama mpaka atoke. Na Usukumani mapacha si habari ya ajabu. Kila ukoo una Kulwa wake, pacha wa kwanza, na Doto wake, pacha wa pili. Maduhu mwenyewe alilelewa na shangazi aitwaye Doto, akala ugali wake miaka yote ya shule. Fundi huyo ndiye aliyesahau kwamba watu huzaliwa wawili.

Minza, mke wa mkulima wa pamba, alijifungua kabla ya wakati. Walikuwa wasichana wawili, wote njiti, wote wakihema kwa shida. Huyu akaandikwa mtoto wa Minza, na yule akaandikwa mtoto wa Minza. Chombo kikamsoma Kulwa, kikampeleka. Kikamfikia Doto, kikamtupa. Kesho yake asubuhi daktari akaomba kibali cha kuwapeleka hospitali ya rufaa, na mfuko ukajibu kwamba unamjua mtoto mmoja tu wa Minza. Gari likaja na kibali cha mmoja. Hata mchunga mbuzi, mbuzi wake akizaa pacha njiani, huwabeba wote wawili mpaka nyumbani. Lakini pale, mbele ya watu waliosoma, mama aliyejifungua jana aliulizwa apelekwe yupi.

Minza hakulia. Alisema, "Nimezaa wawili. Aliyehesabu mmoja ndiye aje achague."

Nesi akampigia Maduhu simu, akamfikishia maneno hayo kama yalivyo. Maduhu alikifungua chombo akiomba kosa liwe la mtu mwingine. Akamkuta Doto palepale alipoamuru watu watupwe. Akainuka, akaenda hospitali mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo akawaona watu aliokuwa akiwasoma. Kulwa alikuwa amekunja ngumi. Doto alikuwa amelala viganja wazi, mbavu zikiingia na kutoka. Minza alimtazama tu, akingoja achague. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku ile Maduhu aliuonja, na aliona aibu. Akauandikia mfuko kwamba watoto ni wawili na kwamba kosa ni lake, akatia sahihi, na gari likaondoka na wote.

Liliondoka jua limeshapinda, na pumzi ya Doto haikuwa ya kungojeshwa. Walipona wote wawili, ila Doto hubanwa kifua kila baridi ikiingia, na mama yake hukaa naye kitako mpaka kipite.

Maduhu akarudi akakitengeneza chombo upya. Wawili wakifanana, kisimtupe mtu. Kisimame, kimuulize nesi kama ni mmoja au ni wawili. Kuuliza si ujinga. Akampelekea Lugembe akidhani atashukuriwa. Lugembe akasema kwamba chombo kinachouliza kinachelewesha watu, kwamba mapacha ni wachache, na kwamba mfuko haupendi maswali. Akaamuru kirudishwe kilivyokuwa. Maduhu akakataa, akafukuzwa kazi. Fundi mwingine akapatikana upesi, maana mafundi wa kutupa hawakosekani. Pilau ikapikwa tena, na wakubwa walewale wakaja wakala. Chombo kingali kinatupa, na anayetupwa haambiwi.

Nanyi mmekaa hapa mnatikisa vichwa, kana kwamba Lugembe ni mtu wa mbali. Anayemwandika mmoja kuwa wawili mnamwita mwizi. Je, anayewaandika wawili kuwa mmoja mnamwitaje?